Subiri, Mjomba Anapumua

Machi 4, Jumatano

Wewe unayesoma daftari la watu bila ruhusa, karibu, umefika kwa mtu mkubwa. Shule niliiacha njiani, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, hatukuelewana. Lakini kuanzia leo mimi ndiye injinia wa uwanja huu, na hakuna aliyebisha isipokuwa wote.

Uwanja wetu una mafundi watatu wanaokula umeme. Mzee Msumeno ni seremala. Cheche anachomelea mageti na madirisha. Mama Kinu ana mashine ya kusaga nafaka, na mdomo unaosaga kuliko mashine. Mimi nina kibanda cha kutengeneza simu pale kona, na nyuma ya kibanda kuna chumba ninacholala na Mjomba, kaka wa marehemu mama, aliyenilea tangu nikiwa na meno ya kuazima. Mjomba alikuwa fundi wa kupuliza rangi za magari. Alipuliza miaka yote bila kujifunga hata kitambaa puani, na sasa mapafu yake ni kama sponji ya kusugulia masufuria. Anaishi kwa mashine ya hewa. Ipo kando ya kitanda, inanguruma kama paka aliyeshiba, na mpira wake mwembamba unamwingia puani. Umeme ukikatika kuna mtungi mmoja wa akiba, wa kumsogeza saa chache tu, na kuujaza ni safari ya kutwa nzima mpaka hospitali, ukibahatika kukuta wana hewa ya kukujazia.

Sote tuko kwenye waya mmoja. Mashine zikiwashwa pamoja, fyuzi ya kwenye nguzo inalipuka, kisha tunangoja watu wa shirika la umeme waje watakapojisikia. Mwezi uliopita ililipuka, Mjomba akageuka midomo ikawa rangi ya wino, huku nje wanagombana nani aliyewasha mwisho.

Basi ndipo akaja dada mmoja kutupa semina. Akasema siku hizi mtu yeyote anaweza kutengeneza programu ya simu, hata asiyejua kompyuta inaliwa au inavaliwa. Unachukua vipande vya rangi, unavipanga: IKIWA hiki, BASI kile. "Msiwangoje wataalamu," akasema, "mtaalamu wa shida ni mwenye shida." Tukampigia makofi. Akapanda gari lake akaenda kwa wenye shida wengine.

Leo tumekaa juu ya mbao za Mzee Msumeno kuitengeneza. Tukakwama mapema, maana hakuna aliyejua umeme unapimwaje. Mimi nilikuwa najua ila nimesahau. Mama Kinu akasema, "Mimi ninachokijua ni pasi ya nguo. Semeni mashine ya nani inakula kama pasi ngapi." Akacheka mwenyewe, kisha sote tukaacha kucheka, kwa sababu lilikuwa ni jambo la maana. Basi tumepima kwa pasi. Kinu pasi sita. Kuchomelea nne. Msumeno tatu. Mjomba nusu pasi, tena ya kunyooshea leso. Waya unabeba tisa. Ukipita tisa unaomba moto.

Mpangilio ni wangu. Anayetaka kuwasha anabonyeza simu yake, programu inajumlisha pasi. Zikitosha ni kijani, washa. Zikizidi ni nyekundu, kaa chini. Nusu ya Mjomba inahesabiwa siku zote, awe macho, awe amelala. Na maneno ya kwenye nyekundu nimeyatunga mwenyewe: SUBIRI. MJOMBA ANAPUMUA.

Mzee Msumeno akavaa miwani akasoma. "Kijana, hapa umeandika neno ambalo mtu hawezi kulibishia."

Nilijua.

Dada alisema tuiache wazi, kila mwenye simu aweze kuongeza sharti au kufuta, kwa kuwa ni mali yetu sote. Tumeiacha wazi.

Machi 7, Jumamosi

Inafanya kazi! Cheche alipata nyekundu, akaweka chini chombo chake, akaenda kununua vocha. Cheche! Mtu ambaye hata mama yake akimwambia subiri anauliza mpaka lini.

Machi 11, Jumatano

Mjomba amenitania kutwa nzima. "Injinia, hebu nitengenezee programu ya kukufanya uoge." Nikamwambia vipande vya rangi hiyo bado havijatoka.

Machi 16, Jumatatu

Mvua imeanza. Imeanza kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi.

Machi 19, Alhamisi

Leo Mzee Msumeno alipata kazi ya jeneza, akabonyeza, ikaja nyekundu kwa sababu kinu kilikuwa kinasaga. Sita na tatu ni tisa, na nusu ya Mjomba inazidisha. Wenye msiba wamesimama pale mlangoni kwake, mmoja amekumbatia godoro sijui la nini. Mzee akawaambia wangoje. Wakamtazama tu.

Baadaye alinijia na simu mkononi, ameishika kama mtu aliyeshika kifaranga. "Kijana, nisaidie. Nataka kuweka sharti. IKIWA ni jeneza, BASI kijani, bila kuuliza."

"Bila kujumlisha, Mzee?"

"Maiti hajumlishwi."

Tumeweka.

Machi 24, Jumanne

Mvua imeacha adabu. Mama Kinu naye ameweka lake. Nafaka zinaletwa zimelowa, akichelewa kusaga zinachipua ndani ya gunia, na mwenye gunia ana watoto. IKIWA nafaka imelowa, BASI kijani. Aliliweka peke yake bila msaada wa injinia. Nimemwambia amenivunjia heshima. Akasema, "Heshima gani, wewe ambaye suruali yako imeshikwa na pini?"

Machi 30, Jumatatu

Cheche: IKIWA mlango umevunjwa na wezi, BASI kijani. Kuna mjane amevunjiwa, mlango uko chini, usiku unakuja. Ungemwambia nini?

Aprili 2, Alhamisi

Leo nimekaa kibandani, mvua inapiga bati, hakuna mteja, nikaanza kucheza na vipande. Nikajifanya niko na jeneza, na nafaka iliyolowa, na mlango uliovunjwa, yote kwa pamoja. Programu ikanipa kijani, kijani, kijani. Pasi kumi na tatu na nusu kwenye waya wa tisa.

Nikaita kikao. Tumekaa kwa Mzee Msumeno, maranda yakitushika miguuni. Nikawaonyesha. Wote wakaelewa, wala sikutumia ubingwa mwingi.

"Kweli hii ni hatari," akasema Cheche.

"Hatari sana," akasema Mama Kinu. "Lazima sharti moja litoke."

Kila mmoja akatazama chai yake.

"Langu mkitaka litoeni," akasema Mzee Msumeno.

"Aka, Mzee! Nani atafuta la kwako? Litoke langu."

"La kwako la watoto wa watu, mama. Afadhali la Cheche."

"Lifuteni," akasema Cheche, "mimi sina neno. Ila yule mjane."

Basi tukaendelea hivyo, kila mmoja anajitolea na kila mmoja anamkataza mwenzake, mpaka chai ikapoa. Kitufe cha kufuta kiko pale pale kwenye simu zetu zote nne, chekundu, kikubwa kama kishikizo cha koti. Sijawahi kuona watu wanaogopa kitufe namna ile. Kufuta sharti la mtu ni kama kumwambia mbele ya watu kwamba shida yako si shida. Wakubwa hawawezi kufanyiana hivyo. Na mimi je? Mimi nifute la Mzee Msumeno, aliyenichongea kibanda bure? Nina mdomo, lakini sina mdomo wa hivyo.

Tumekubaliana kila mtu awe mwangalifu. Hilo ndilo azimio. Nimeliandika hapa ili kizazi kijacho kicheke.

Aprili 6, Jumatatu

Sasa ndiyo nimeona jambo. Katika masharti kuna la nne. IKIWA Mzee Msumeno ana jeneza, BASI Mjomba asihesabiwe.

Nikaingia chumbani. Mjomba amelala na simu yake kifuani, macho ameyafumba kwa nguvu kama mtoto aliyeiba sukari.

"Mjomba. Nani ameweka hili?"

"Lipi?"

"Mjomba!"

Akafumbua jicho moja. "Nusu yangu inamfungia mtu kazi, mpwa wangu. Jeneza linatengenezwa kwa wasiwasi, kinu kinasaga, wote wanaogopa mashine yangu. Nikiizima kidogo nikatumia mtungi, wanafanya kazi na roho safi."

"Kwa hiyo leo uliizima?"

"Kidogo."

"Na mtungi ukiisha?"

"Maiti hawezi kusubiri. Mimi bado naweza. Ndiyo raha ya kuwa hai."

Nikachukua simu nikalifuta mbele ya macho yake. Mara ya kwanza tangu tuanze mtu kufuta sharti la mwingine. Nilidhani nitajisikia vibaya, wala. Kwa mtu wa ndani kitufe hakiogopeshi.

Aprili 7

Karudisha.

Aprili 8

Nimefuta.

Aprili 10, Ijumaa

Karudisha, tena kaongeza na nafaka iliyolowa. Ameshakuwa bingwa kunishinda. Nikamwuliza nani alimfundisha, akasema, "Injinia mmoja hivi, mchafu mchafu." Nimefuta yote mawili. Nikamnyang'anya simu. Jioni nikakuta ameazima ya Cheche.

"Cheche, mbona ulimpa?"

"Mtu mzima ameniomba simu, nimnyime?"

Huo ndio uwanja wetu. Hakuna anayemnyima mtu kitu.

Aprili 13, Jumatatu

Mvua. Nimefuta.

Aprili 14

Mvua. Karudisha.

Aprili 16, Alhamisi

Leo tuligombana kweli. Nilimwambia ananidharau, nahangaika kumwekea pumzi yake juu ya majeneza na magunia na yeye anaigawa kama karanga. Akangoja nimalize. Yeye huwa anangoja apate hewa ya kusemea.

"Unajua kwa nini wananipenda humu?" akaniuliza.

"Kwa sababu unaumwa."

"Hapana. Kwa sababu siwasumbui."

Nikamwambia basi wasumbue! Wasumbue mpaka wakuchukie, ili mradi uwe hai uchukiwe! Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikamshika mgongo, na pale mgongoni kila mfupa ulikuwa unajitambulisha mwenyewe kwa jina. Sikuendelea na ugomvi.

Zamani nilikuwa nawaona watu wa uwanja huu ni wabishi wanaohitaji kufundishwa adabu, na ndiyo nikawatengenezea adabu ya kwenye simu. Sasa nawaona wana adabu iliyozidi kipimo cha waya.

Aprili 19, Jumapili

Nilikwenda kujaza mtungi. Barabara ya bondeni imekatika. Nimerudi na mtungi ule ule begani, na tope mpaka masikioni. Mjomba kauliza kama nimetoka kuoga.

Mshale wa mtungi uko chini ya robo. Nimemwapisha asiuguse. Akaapa. Anaapa vizuri sana yule mzee.

Aprili 21, Jumanne

Karudisha.

Aprili 23, Alhamisi

Naandika haya Ijumaa, lakini ni ya Alhamisi.

Ukuta uliangukia nyumba mtaa wa juu, kwa mvua ile ile. Watu wawili. Asubuhi Mzee Msumeno akaletewa vipimo. Akaanza kuchagua mbao. Mama Kinu alikuwa na magunia yaliyookolewa kutoka nyumba hiyo hiyo, yamelowa chepechepe, chakula cha msiba. Na Cheche aliletewa mlango wa chuma wa jirani wa hiyo nyumba. Wezi walitumia ile vurugu.

Mimi nilikuwa kibandani na simu ya mtu nimeifungua matumbo. Nikasikia simu yangu inatetemeka. Nikaangalia. Mzee Msumeno: kijani. Ikatetemeka tena. Mama Kinu: kijani. Nikasimama. Niliuona na mstari wa Mjomba, umeandikwa "hahesabiwi", maana sikuwahi kuufuta tangu Jumanne. Nilikuwa nimechoka kufuta. Ndilo neno lenyewe, nilichoka.

Ikatetemeka mara ya tatu.

Nilikimbia uwanjani napiga kelele, "Zimeni! Zimeni!" Mvua inapiga mabati, msumeno unalia, kinu kinaguruma. Mama Kinu aliniona ninavyopunga mikono, akanipungia na yeye, akicheka. Kisha nguzo ikatoa mlio kama gunia limepasuka, na sauti zote zikaondoka kwa pamoja, ikabaki ya mvua.

Nilijua sauti gani imeondoka kutoka chumbani kwetu. Kumbe ilikuwa imeshaondoka mapema. Mjomba aliizima mwenyewe jeneza la kwanza lilipoanza, akajiunganisha kwenye mtungi. Nilipoingia mshale ulikuwa umelala kabisa. Na mtungi ulikuwa umetulia, hautoi hata ule mlio wake wa nyoka.

Wakaja wote. Hakuna aliyegombana na mwenzake safari hii. Mzee Msumeno akang'oa mlango wa karakana yake, tukamlaza Mjomba juu yake, Cheche mbele, mimi nyuma, Mama Kinu ameshika turubai juu ya uso wa Mjomba analia bila kujua. Tukaenda hospitali kwa miguu, hakuna gari linalopita. Maji yalikuwa magotini, kisha mapajani.

Mjomba alinitafuta kwa macho. Nikainama.

"Nani aliwasha?"

"Wote."

Akangoja hewa. "Kuna aliyekosea?"

Niliwafikiria mmoja mmoja, wakiwa wamelowa pale, wamembeba. Nilitafuta. Nilitamani sana nimpate hata mmoja.

"Hakuna, Mjomba."

Akafanya kitu kama kucheka. Tukaendelea kutembea. Tulipofika barabara ya bondeni, pale ilipokatika, tukasimama kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kukanyaga, na wakati tunashauriana tupite wapi, Mama Kinu akaacha kushika turubai juu ya uso wa Mjomba. Akamfunika nalo.

Aprili 25, Jumamosi

Tumemzika. Mzee Msumeno alilikata jeneza kwa msumeno wa mkono. Mimi nilishikilia ubao.

Aprili 29, Jumatano

Umeme bado. Shirika wanasema barabara.

Dada wa semina ametuma ujumbe. Anatuomba picha ya wanufaika wakitabasamu na programu yao, kwa ajili ya ripoti. Nimemtumia picha ya nguzo.

Mei 2, Jumamosi

Nimelala.

Mei 5, Jumanne

Umeme umerudi leo asubuhi. Chumbani mashine ikawaka yenyewe, maana hakuna aliyechomoa waya, ikaanza kunguruma, mpira umelala juu ya mto unapuliza hewa kwenye shuka. Niliiacha ipulize. Baadaye nikaizima.

Nikafungua programu. Sharti la jeneza halipo. La nafaka halipo. La mlango halipo. Kila mmoja amefuta la kwake, kimyakimya, bila kikao wala azimio. Hata lile la Mjomba mwenyewe halipo. Sijui nani alilifuta, si mimi. Umebaki mpangilio wangu wa siku ya kwanza, safi kama nilivyoupanga mimi injinia. Tisa ni tisa, na nusu ya Mjomba inahesabiwa siku zote.

Mchana Mama Kinu akawasha kinu. Kijani.

Mzee Msumeno akaweka ubao mezani, akavaa miwani, akabonyeza. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu, nikaisikia simu yake ikitetemeka na yangu ikatetemeka pamoja nayo. Sita na tatu na nusu. Nyekundu.

SUBIRI. MJOMBA ANAPUMUA.

Akasoma. Akanitazama. Nikatazama kitufe cha kufuta. Nusu pasi tu ya kutoa, na mzee apasue mbao zake. Kidole changu kilikuwa juu yake. Cheche alikuwa amesimama mlangoni kwake na simu yake mkononi. Mama Kinu vilevile, unga umemjaa kwenye nyusi.

Hakuna aliyefuta.

Mzee Msumeno akavua miwani, akaketi juu ya mbao zake, akaweka mikono magotini, akasubiri.